Kaburi Namba 482

Jumatatu, 18 Agosti 2008

Mjomba Zulfahmi, naapa kukuandikia yote humu, hata yanayoniaibisha, kisha nikutumie daftari huko Jakarta. Bibi amekonda. Ramadhani imebaki wiki mbili. Majirani wote wanasafisha makaburi ya wazazi wao, yeye anasafisha jiko. Baba yake alichimba makaa ya mawe akiwa mfungwa, minyororo miguuni, akafa kabla Bibi hajazaliwa. Wafungwa wale walizikwa kwa namba, na namba yake haijui mtu. Wala jina. Kesho darasa letu linakwenda makumbusho ya mgodi. Nitaipata!

Jumanne, 19 Agosti

Sikuipata. Daftari la wafungwa limo ndani ya kioo, limefunguliwa ukurasa mmoja tu. Nilimsihi mlinzi, Bwana Syofyan, ageuze. Akasema ukurasa hugeuzwa mara moja kwa mwaka, nirudi mwakani. Nikainua kioo mwenyewe. King'ora! Mwalimu Elmiati alinisimamisha kando ya toroli la makaa mpaka wenzangu walipomaliza kula. Desnita, ambaye baba wa babu yake alikuwa karani wa mgodi, akapita akitafuna mihogo ya kukaanga. "Pole, shoga. Wa kwetu aliandika, wa kwenu akaandikwa."

Hata hivyo, ukurasa ule niliusoma. Waliokufa mwaka aliozaliwa Bibi ni watatu. Nimechagua 482. Mwandiko wake ndio mzuri.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia Bibi. Alikaa chini taratibu. "Mia nne themanini na mbili? Una hakika, mwanangu?" Nikasema ninayo. Amepika wali wa kunata ndani ya mianzi, wa kuwagawia majirani wote. Sikuweza kula. Vipande vinne tu.

Jumamosi, 23 Agosti

Makaburini. Bibi aling'oa majani, akamimina maji ya maua, akamsimulia baba yake miaka sabini na miwili: mafuriko, ndoa yake, wewe kuondoka. Nililia. Mpango umefaulu!

Kisha akatokea mzee mwenye jembe na ndoo yake. Mzee Tukiman. Ana karatasi yenye muhuri: 482 ni baba yake. Nikatafuta pa kukimbilia. Bibi akamkagua kuanzia miguuni hadi kichwani. "Kumbe alikuwa na mke mwingine! Kaka yangu!" Akamkumbatia. Mzee hana ndugu hata mmoja aliye hai. Alilia mpaka ndoo ikamponyoka.

Jumatatu, 25 Agosti

Mzee yuko sebuleni tangu asubuhi. Anamweleza Bibi baba yao alivyokuwa: mfupi, mpenda tunda la durian, mwoga wa vyura. Bibi anamtaka arudie ya vyura. Anacheka, kisha anafuta macho. Mzee alikuwa amejitengea nafasi ya kuzikwa kando ya 482. Leo amempa Bibi. "Mdogo wangu, mimi nilimwona. Wewe lala karibu naye."

Nikakata shauri kusema kweli. Nilisimama mbele yao, nikakohoa, nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi. "Hebu, Yelfi, kaka yangu anauliza, namba hii ulipewa na nani?"

Nikasema, na Mjomba Zulfahmi.

Bibi amekuombea dua mpaka sauti ikamkauka. Anakutumia nyama ya rendang kilo mbili kwa basi, pamoja na daftari hili, na barua yako itasomwa mbele ya mzee. Kwa hiyo nakuomba, Mjomba, jibu kwa basi hilohilo: uliipata wapi?