Gari Lililojifunza Kukohoa

Jumapili, 3 Agosti

Gari limenitia aibu tena. Kilimani Nyakoe, karibu na soko, watu wote wakitazama. Likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, taa ya injini ikawaka, nguvu kwisha! Abiria wakashuka na mikungu yao ya ndizi, wakapanda Noah ya Angwenyi, mshindani wangu wa abiria. Angwenyi akanipungia mkono. Mkono wa huruma! Heri angenitukana.

Jioni Lorna, mke wangu, akatoa hukumu. Nilishajigamba kanisani kwamba Probox langu litampeleka Pasta kwenye makambi ya kanisa kule Ogembo, Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Basi limfikishe bila kuzima, ama liuzwe na mahali pake uani papandwe chinsaga. Nikamwambia mboga haijawahi kumfikisha mtu popote. Akasema hata gari langu.

Jumatano, 6 Agosti

Ouma, jirani yetu fundi, mtu wa Homa Bay, alisikiliza injini akasema ni koili, vile vidude vinavyopeleka moto kwenye plagi. Moja imekufa. Akauliza kama anunue mpya aifunge. Nikamwambia nitafikiria.

Kufikiria gani! Nimetazama video. Koili ni nne, kila moja ina bolti moja tu. Mtu wa kwenye video alizitoa huku anatafuna karanga. Kwa nini nimtajirishe Ouma?

Nimezipata zote nne mjini Kisii, kwa muuza vyuma nyuma ya soko. Zimetumika, lakini ameapa zimetoka kwenye gari la mzee mmoja mtaratibu sana, ambaye siku hizi haendeshi tena. Nikauliza kwa nini. Akasema amepumzika. Safi! Mzee apumzike, mimi nifaidike.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Kijiji kizima kiko kanisani, kwa hiyo hakuna wa kunicheka nikifungua boneti. Nilimwambia Lorna tumbo linaniuma. Mungu anajua lilikuwa linauma kidogo.

Sijawahi kusikia kijiji kikinyamaza namna hii. Ukungu ulitoka kwenye mashamba ya chai ukaja kukaa uani kama mgeni. Hata kuku walijificha. Klipu ya kwanza ya kushikia waya ilivunjikia mkononi. Nimeifunga kwa uzi wa kusukia nywele wa binti yetu Linda. Bolti moja ilitumbukia mahali fulani chini ya injini na haijaonekana. Lakini koili zote zimekaa!

Nikawasha. Injini ikanguruma vizuri. Nikainama kuokota spana, nikasikia mzee akikohoa nyuma yangu. Kikohozi kirefu kimoja, vifupi viwili. Nikasema, "Pole, mzee, karibu." Nikageuka. Hakuna mtu. Ukungu tu.

Halafu kikaja tena, kutoka chini ya boneti. Kumbe ni injini. Nimecheka sana. Nimecheka peke yangu, kwa sauti, mpaka niliposikia jinsi ninavyocheka.

Jumatatu, 11 Agosti

Gari lina nguvu! Linakohoa likipanda mlima, lakini nani asiyekohoa akipanda mlima?

Asubuhi nilipeleka ndizi njia ya Ogembo. Kwenye mlima mkali, mbele ya geti moja la buluu, likakohoa likazima. Mbwa mzee akapenya chini ya geti, akanusa gurudumu la mbele, akajilaza kando yake na kushusha pumzi ndefu, kama mtu aliyefika nyumbani.

Kisha geti likafunguka. Akatoka mama mzee na kikombe cha uji, macho kwenye kikombe usije ukamwagika. Akakipitisha dirishani. Akasema, "Omogaka, leo umechelewa."

Omogaka ni mzee wa nyumba. Mimi si mzee wa nyumba ile. Lakini nimelelewa vizuri, uji ukiletwa unapokelewa. Nikanywa. Ndipo alipoinua macho.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua kikombe chake, akasema, "Samahani, mwanangu," akarudi ndani kinyumenyume, bila kuniondolea macho. Gari likawaka papo hapo.

Uji wa wimbi. Mzuri sana, kwa kweli.

Jumatano, 13 Agosti

Mpango wa leo: kulipita lile geti kwa kasi. Niliuanza mlima nikiwa nimekanyaga mafuta mpaka mwisho. Likakohoa. Likazima palepale! Mbwa alikuwa ameshakaa barabarani. Kikombe kilikuwa juu ya nguzo ya geti, kinafuka moshi. Mtu hakuwepo. Sikunywa. Nilionja tu.

Nikarudi kwa Ouma, nikijifanya napita. Akasikiliza mara moja tu, akapangusa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu. Akasema koili mojawapo ni mbovu, niitoe leo hii. Kisha akasema anakijua kile kikohozi. Kulikuwa na mzee Ratemo, njia ya Ogembo, gari lake lilikohoa hivyohivyo. Alimshauri abadilishe koili, mzee akakataa katakata. Mke wake akisikia kikohozi anajua amefika, anamtolea uji.

Nikauliza mzee hajambo.

"Jirani," akasema Ouma, "tulimzika mwezi wa nne."

Mikono imekuwa baridi tangu hapo. Lakini kununua koili mpya, na Angwenyi asikie kwamba Ouma ndiye aliyeniokoa? Hapana. Nimewaza vizuri. Keshokutwa Pasta atakuwa ndani ya gari. Marehemu gani atathubutu kumzimia Pasta?

Ijumaa, 15 Agosti

Amethubutu.

Tulipokaribia ule mlima nilimweleza Pasta kila kitu, nikamwomba aanze kuomba mapema. Akanikemea. Akasema waliokufa wamelala, hawaendeshi magari. Gari likakohoa. Pasta akashika Biblia. Likazima.

Mama yule alitoka bila kikombe, amejifunga leso mabegani. Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando yangu. Mbwa akapanda nyuma, akalala juu ya suti ya Pasta. Mama akasema anaitwa Nyakerario. Kisha: "Mwanangu, liwashe. Usiliendeshe. Liwashe tu."

Nikaliwasha. Kirefu kimoja, vifupi viwili. Akafumba macho. Sote wanne tukasikiliza.

Akasimulia polepole. Siku ile alisikia kikohozi getini, akatoka na uji. Ratemo alikuwa kwenye kiti chake, mikono kwenye usukani, anatazama mbele. Akamgombeza kwa kuchelewa. Akamweleza habari za ng'ombe, za mvua, za wajukuu. Alizungumza naye sana, injini ikikohoa. Alipomshika mkono ampe kikombe, ulikuwa umeshapoa. Baada ya matanga mashemeji wakauza vitu vya injini kimoja kimoja. Gari lenyewe liko nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

"Nilidhani ninapoteza akili," akasema. "Kumbe ni wewe. Jumatatu ni wewe. Juzi ni wewe." Akafungua macho. "Na jana?"

Jana sikutoka nyumbani. Nikamwambia hivyo. Pasta, nyuma yangu, aliacha kupumua, nilisikia alivyoacha.

Mama Nyakerario akatazama barabara. "Basi," akasema. "Zima."

Pasta aliomba maombi marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia. Alipofumbua macho, Noah ya Angwenyi ilikuwa imesimama kando yetu. Pasta aliingia bila kuaga, na manyoya ya mbwa suti nzima. Angwenyi akanipungia mkono.

Jumapili, 17 Agosti

Ouma amefunga koili mpya. Sikubishana. Ile mbovu nimeifunga kwa kitambaa safi, nikampelekea Mama Nyakerario kwa mikono miwili. Akaipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka, na mimi pia, nikasema ni moshi wa jikoni. Moto ulikuwa haujawashwa.

Lorna aliposikia yote hakunicheka. Chinsaga imeahirishwa. Nimeapa mbele yake: maisha yangu yote sitagusa tena kitu cha marehemu.

Jumanne, 19 Agosti

Gari linakwenda kama maji. Tatizo sasa ni mgongo. Springi ya kiti changu imechomoza. Siku ile nikitoka kwa Mama Nyakerario, niliona kwa bahati tu lile gari la chini ya migomba. Kiti cha dereva ni kizima kabisa! Leo nikarudi kumwambia ni dhambi kiti kama kile kuozea mvuani. Alinitazama sana. "Chukua, mwanangu," akasema. "Lakini usikiegemee sana."

Nimekifunga mwenyewe hapa uani. Bolti zote zimetosha! Kina bonde la mgongo wa mtu mwingine, lakini ukikaa kidogo mgongo unazoea. Na kina joto lake, ingawa jua halijatoka tangu asubuhi.

Lorna amekataa kuingia garini. Anasema aliniita kwa jina tena na tena, nami nilikuwa nimekaa tu, mikono kwenye usukani, natazama mbele. Wivu! Kesho narudi kwa Mama Nyakerario. Nimeona usukani wa lile gari ni wa ngozi.