Malalamiko Dhidi ya Mwandishi Aliyenifanya Nipendwe Kupita Kiasi

Kwa Mheshimiwa Ustadhi Wagdi,
Mkuu wa Waandishi wa Barua wa Mbele ya Mahakama,
Tanta.

Ustadhi mheshimiwa,

Amani iwe juu yako na juu ya meza zote unazozisimamia. Mimi ni Sabri Abu Shusha, muuzaji wa fasikh, samaki wa kuvundikwa kwa chumvi, na kwanza naomba radhi kwa harufu ya karatasi hii. Nimeiandika mwenyewe dukani, kwa sababu yule ambaye ningemlipa aniandikie ndiye ninayemshitaki: Bwana Fikri, wa meza iliyo karibu na muuza chai.

Mke wangu Samiha amenuna na kurudi kwa baba yake kijijini. Sababu ni mulukhiya, mchuzi wa majani ya mlenda. Unajua mwenyewe kwamba mpishi anapomimina kitunguu saumu cha kukaanga kwenye sufuria, lazima avute pumzi kwa kishindo, la sivyo mboga hainogi. Siku hiyo tulikuwa na wageni, nami nikasema, "Pumzi ya mama ilikuwa ikisikika mpaka kituo cha treni. Hii yako ni ya paka mwenye mafua." Wageni wakacheka. Samiha akapakua, akahakikisha kila mtu ameshiba, kisha akachukua mkoba wake. Nikaenda kwa Fikri aniandikie barua ya kuomba radhi, na hapo ndipo dhuluma ilipoanza:

1. Aliandika vizuri mno. Nilimwambia aandike, "Nimekosa, rudi." Akajaza kurasa nne za mwezi na yasmini. Ustadhi, mimi mwezi nautazama kujua Ramadhani imeingia au bado. Yasmini ikipita dukani kwangu inakufa.

2. Samiha alijibu: "Sabri, kumbe ndani yako mna mtu! Andika tena." Nikalipa tena. Sasa kila Alhamisi dada yangu Nagwa huchukua bahasha iliyo juu ya friji na kupanda nayo basi. Mkwe wangu, Haji Metwalli, huisoma kwa sauti uani, na wanawake wa mtaa mzima hukusanyika wakitafuna punje za tirmisi na kulia. Waume zao wameniwekea kinyongo. Mmoja alinifuata mpaka mkahawani akaniambia, "Wewe Sabri, ama uache, ama uniandikie na mimi."

3. Mke hataki kurudi. Nilipeleka ujumbe wa watu wazima, ami yangu na imamu wetu, kwenda kumpoza. Wakalishwa bata, wakarudi bila mke. "Anasema akirudi, nani atamwandikia?" ami akanieleza. "Na kusema kweli, mwanangu, ile ya wiki jana hata mimi ilinigusa."

4. Nimeanza kujionea wivu. Yuko mwanamume anayempendeza mke wangu kila Alhamisi, ana jina langu, ana saini yangu, na gharama zake nalipa mimi. Je, huyo nimfanye nini? Nikimpiga, naumia mimi.

5. Nilimwendea Fikri nikamsihi aandike barua moja mbaya, ya mtu wa kawaida, ili Samiha azinduke. Alikataa! "Bwana Sabri," alisema, "usinivunjie heshima. Mimi nina jina la kulinda." Jina gani, Ustadhi? Lililo chini ya barua ni langu! Nikamuuliza kama haoni haya kuuza mapenzi asiyokuwa nayo. Akanijibu huku akichovya mkate kwenye chai, "Mimi nauza maneno. Mapenzi unayaleta wewe. Kama hukuyaleta, hilo si kosa la meza yangu." Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi, na kila nikilifikiria nazidi kukasirika.

Kwa hiyo naomba mpitishe sheria: mwandishi wa kukodiwa aandike vibaya kwa kadiri ileile ambayo mteja wake husema vibaya. Mwenye kigugumizi apewe barua yenye kigugumizi. Ikishindikana, Fikri ahamie kwangu, akae nyuma ya pazia la sebuleni awe ananinong'oneza la kusema. Hapana, ombi hilo nalifuta. Pazia ni jembamba na Samiha si kiziwi.

Namtaka mke wangu, Ustadhi, basi. Juzi nilijipikia mulukhiya. Nikavuta pumzi mwenyewe, mvuke wa kitunguu ukaniingia kooni, nikakohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe kila siku nikipanda ngazi nilikuwa naisikilizia ile pumzi ya paka mwenye mafua, na sikujua kama naisikilizia. Haya sijamwambia Fikri. Angeyatia mwezi.

Nisalimie waandishi wote, wateja wao, na muuza chai. Fikri usimsalimie. Au msalimie, lakini kwa ufupi.

Wako, aliyedhulumiwa kwa kupendwa,
Sabri Abu Shusha

N.B. Barua hii imechelewa kukufikia. Niliiweka juu ya friji nikaenda kutafuta stempu, na ilikuwa Alhamisi. Haji Metwalli ameisoma yote uani, kuanzia anwani yako. Naambiwa safari hii hakuna aliyelia. Walicheka mpaka tirmisi zikamwagika. Walipofika kwenye kukohoa, Samiha alikuwa ameshashika mkoba. Amerudi asubuhi hii, bila kuletwa na mtu, barua hii ikiwa mkobani mwake. "Huyu ndiye wangu," alisema mlangoni, "mlalamishi, ananuka samaki. Yule mwingine alishaanza kunichosha, kila wiki mwezi."

Basi malalamiko yote nayafuta. Ila mkwe wangu anataka Alhamisi ijayo nimpelekee malalamiko mengine, amewaahidi majirani, nami sina tena la kulalamikia. Tafadhali muulize Fikri kama anaweza kuniandikia, lakini kwa mtindo wangu.

Naishia hapa. Kitunguu saumu kimemiminwa sasa hivi jikoni, na nathibitisha kwa saini yangu mwenyewe kwamba pumzi imesikika mpaka kituo cha treni.