Hotuba ya Mhariri Mkuu Siku ya Kuzindua Jarida la Waandishi Chipukizi

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, uliyewakilishwa na naibu wako, ambaye naye amewakilishwa na katibu muhtasi wake aliyeketi pale karibu na soda. Wahadhiri wa Programu ya Uandishi Bunifu. Washairi mliochapwa na mnaoendelea kusubiri. Wazazi mlioacha shughuli zenu. Na wewe mwenye funguo za ukumbi uliyetuomba tusichelewe: ambaye sijamtaja ajihesabu yumo. (Makofi ya adabu.)

Ndugu wadau, nikiwa Mhariri Mkuu, cheo nilichopendekezwa na mimi mwenyewe na kuungwa mkono na mimi mwenyewe katika kikao nilichokiongoza, nina furaha kuwajulisha kuwa mchakato wa toleo la kwanza umekamilika kimkakati, kidijitali na kimtazamo, baada ya semina elekezi, warsha ya kutathmini semina elekezi, na kikosi kazi kilichojadili muhula mzima kama jina la jarida liwekewe alama ya mshangao. (Sauti kutoka nyuma: "Likawekewa?") Utafiti unaendelea.

Tuna wahariri kumi na wanane na waandishi wawili, uwiano unaoihakikishia kila sentensi ulinzi wa kutosha. Kiwango chetu cha kukataa kazi kimefikia asilimia mia moja, hadithi yangu ikiwemo, ambayo niliikataa kwa barua kali, nikajijibu kwa barua kali zaidi, na mpaka leo mimi na mimi hatusalimiani. (Kicheko. Katibu muhtasi anafungua soda.)

Sasa, pale mbele kuna mama amevaa miwani ya kusomea tangu tulipoanza. Binti yake, wa mwaka wa pili, alituletea hadithi kuhusu marehemu baba yake, fundi viatu, kaiandika kwa mkono, nakala moja tu. Kikosi kazi kiliikataa kwa sababu tuliielewa mara moja. Mama ameniuliza mlangoni, "Mwanangu, ya binti yangu iko ukurasa wa ngapi?" Nikamjibu, "Iko mbele kabisa, mama." Nimeona aibu sana.

Tuseme kaulimbiu. Kalamu juu! (Juu!) Wino mbele! (Mbele!) Wahariri... (Hakuna anayeitikia.)

Basi nishukuru. Nawashukuru wachapaji, ambao hatujawapelekea hata ukurasa mmoja. Naushukuru uongozi kwa kuja kwa wingi kuzindua jarida ambalo halipo na halijawahi kuwepo. Na namshukuru binti wa fundi viatu, kwani ofisi yetu imeishiwa karatasi kwa sababu ya mihtasari ya vikao, na hotuba hii nimeiandika nyuma ya hadithi yake. Nilipoigeuza nikaisoma yote, nikalia, kisha nikarudi kuandika upuuzi huu, kwa sababu wageni walikuwa wameshaalikwa.

Mama, hadithi ya binti yako hii hapa. Upande wangu usiusome.