Sefu ya Kente ya Abena

Jumatatu, 3 Novemba

Wiki ya nne ya ndoa. Asubuhi Abena wangu alipiga chafya mara mbili na hata chafya yake ni tamu. Naandika haya ili wajukuu wasome.

Doa moja tu katika furaha yetu: dada yangu Afua. Amekwisha azima vitenge vitatu vya Abena na hakuna hata kimoja kilichorudi. Jana alisimama mbele ya kabati, akaikodolea macho kente, ile nguo ya fahari iliyofumwa kwa mkono niliyompa mke wangu siku ya posa, akasema Jumamosi ana hafla ya kumpa mtoto jina kule Bantama. Akaishia hapo. Afua haombi, anatoa taarifa.

Usiku Abena akanishika mkono. Nikadhani mahaba. Kumbe masharti! Jumapili ni ibada yetu ya shukrani kanisani na ataivaa kente hiyo. Nimwambie Afua "hapana", neno moja tu. Nisipomwambia, kente inahamia kwa mama yake kule Mampong, na yeye ataifuata kwenda kuipiga pasi. Kwa muda gani? Akasema kente ina mikunjo mingi sana.

Mampong! Nitakula na nani?

Lakini nimwambieje Afua? Alinibeba mgongoni, akanisomesha mpaka kidato cha mwisho. Nikifungua kinywa kumkatalia, ulimi unakuwa kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Saa tano usiku, wazo! Sefu. Chuma hakina haya wala hakikubebwa mgongoni na mtu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefunga kibanda changu cha fotokopi mapema na kwenda Suame kwa mafundi chuma. Nimeipata! Sefu ya ghala la kakao lililofungwa zamani, ndefu ya kunifikia kifuani, kutu mwili mzima, mlango umeganda. Nimetumia akiba ya friji. Friji inaweza kungoja, mapenzi hayangoji. Abena nitamwambia siku akiwa amecheka kwanza.

Mwenye karakana ni Mjomba Nsiah, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Akaigonga sefu kwa nyundo, akatega sikio kama daktari, akasema bawaba zimekufa, makomeo hayasogei, na unga uliojazwa kati ya kuta zake ili kuzuia moto umenyonya maji ya mvua. Nikamwambia gharama si neno. Akauliza nataka kuficha nini, dhahabu? Nikasema nguo. Nguo za nani? Za mke wangu. Zinaibwa na nani? Na dada yangu.

Mjomba Nsiah akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akavua miwani. Akauliza kwa nini nisimkataze tu. Nikamwambia yeye ni fundi wa vyuma, haelewi mambo ya moyo.

Jumatano, 5 Novemba

Nimesugua sefu kwa msasa kutwa nzima. Kila nikisugua nasema "Abena", ili kazi iwe na ibada ndani yake. Jirani wa karakana akauliza kama ninaumwa. Mjomba amemimina mafuta ya taa kwenye bawaba, akazigonga mpaka zikalia, kisha zikakubali. Makomeo yakatembea! Nikamkumbatia. Hakupenda.

Akanionya: gurudumu la namba halijasafishwa, mlango usifungwe hata kidogo mpaka kesho kutwa. Nikaitikia. Akaenda kunywa maji. Mlango ulikuwa umesimama wazi, mzito, mzuri, unaomba. Nikausukuma kidogo tu nisikie mlio wake.

Mlio ni mzuri sana. Ndani umefungiwa msasa wake, bisibisi yake na chakula changu cha mchana: kenke, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga.

Mjomba aliporudi ameniita majina ambayo wajukuu hawatayasoma.

Ijumaa, 7 Novemba

Siku mbili za kutoboa. Mlango umefunguka saa nne asubuhi. Samaki alitusalimia kabla hatujamwona. Nimepangusa ndani kwa sabuni na limau, nikapaka rangi ya kijani nje, na juu ya mlango herufi mbili, A na Y, zimeshikana mikono. Y imetiririka kidogo, inaonekana kama inalia. Ni ya furaha.

Kisha namba za siri! Usiku kucha nimeziwaza. Nimehesabu siku za wiki kuanzia Jumapili. Abena alizaliwa Jumanne, ndiyo maana, kama kila msichana wa Jumanne kwetu, anaitwa Abena: tatu. Mimi nilizaliwa Alhamisi, ndiyo maana naitwa Yaw: tano. Kisha tatu tena, yeye. Mimi katikati, nimekumbatiwa pande zote! Nani katika Kumasi nzima ataotea jambo la ndani namna hii? Nikamnong'oneza Mjomba azipange. Akauliza mke wangu anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Watu wanane waliibeba mpaka chumbani kwetu. Vigae viwili vimepasuka. Kitanda sasa kimeziba nusu ya mlango, tunaingia kwa ubavu, bega kwa bega. Mahaba tupu! Abena akaizunguka sefu, akanusa, akauliza swali moja: nimemwambia Afua? Nikasema nimefanya zaidi ya kumwambia. Akaipanga kente ndani, akaenda kufungua dirisha. Furaha imemzidi.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku mbaya.

Afua alikuja saa mbili, akapenya kwa ubavu, akaiona sefu. Nikakunja mikono kifuani. Akauliza kente iko wapi. Nikasema kwa ushujaa iko mahali pa siri, inalindwa na namba ambazo hakuna binadamu anayezijua.

Akaketi kitandani mbele ya gurudumu. Akasema, "Wewe mdogo wangu nakujua. Yaw na Abena." Akajaribu tano, tatu, tano. Kimya. Nikatabasamu. Akasema kumbe nimemtanguliza mke, nina adabu, nani alinilea? Akazungusha tatu, tano, tatu.

Ule mlio mzuri.

Mlango ni mzito na Afua ana mgongo mbovu. Nikamshikia.

Akaondoka na kente. Abena alikuwa amesimama uani na ndoo ya maji, ameona yote. Akatua ndoo, akaingia, akatoa begi lake la Mampong, akalitupa kitandani. Kisha akavaa ndala na kutoka. Nikakaa sakafuni, nikaegemea sefu. Ni baridi sana, sefu.

Alirudi baada ya saa moja, na kente mkononi! Alimkuta Afua nyumbani kwake anaipiga pasi. Akamwambia, "Dada, hapana. Kesho naivaa mimi." Basi! Afua akacheka, akasema kumbe ni hivyo tu, mbona mdogo wake hakusema, na isitoshe inanuka samaki, watu wa Bantama wangeuliza bei. Jioni akavileta hata vitenge vile vitatu, na bamia juu.

Abena akalirudisha begi kabatini. Akaniambia natakiwa kujifunza jambo moja hapa. Nimekubali kabisa.

Jumapili, 9 Novemba

Ibada ya shukrani! Abena wangu aling'aa, mchungaji akasahau mstari. Watu wa viti vya mbele walikuwa wanageuka geuka wakinusa, lakini wivu una namna nyingi.

Nimetafakari, na jambo la kujifunza nimelipata. Sefu imefanya kazi! Iliwekwa Ijumaa, Jumamosi vitenge vitatu na kente vyote viko nyumbani. Tatizo lilikuwa namba tu. Mchana Abena alipolala nimezibadilisha, na safari hii hata Afua atazeeka akizungusha: kumi na moja, kumi, ishirini na tano. Tarehe ya arusi yetu! Siri ya mioyo miwili.

Nilitaka kuhakikisha nisikosee, nikaisoma kwenye kikombe cha plastiki chenye picha yetu na tarehe chini yake, vile tulivyowagawia wageni mia tatu. Kwetu kimebaki kimoja. Afua alichukua kumi na viwili.