Kiti Nisichokitaka

Jumatatu, 3 Machi

Yngve anajiuzulu! Mwenyekiti wetu wa halmashauri ya mkoa, miaka kumi na mmoja kitini, leo katangaza kwamba mgongo umemshinda na anakwenda kuvua samaki. Nimesikitika mbele ya watu. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Hatimaye zamu yangu. Miaka minne bungeni, nyuma kabisa, karibu na mlango. Miezi kumi na minne msaidizi wa waziri kule Stockholm, mpaka serikali ikaanguka na mimi ndani yake. Kisha nikarudi huku Sundsvall, na tangu hapo kazi yangu ni mabasi ya mkoa na maegesho ya hospitali. Nakitaka kile kiti, jamani. Nakitaka mpaka chakula hakipiti.

Kusema, bila shaka, siwezi. Hapa kwetu anayesema anataka cheo amekwisha. Unangoja kamati ya uteuzi ya chama ikuulize. Unakataa. Inakuomba tena. Ndipo unakubali, kwa moyo mzito. Mke wangu Solveig kauliza kwa nini nisimpigie tu simu mkuu wa kamati nikamwambia. Miaka thelathini ameolewa na mwanasiasa, na bado!

Jumanne, 4 Machi

Mwandishi wa gazeti kanipigia. Nimemwambia wazo hilo halijawahi kunipitia kichwani. Nina wajukuu. Nina mashua ya kupaka rangi. Sauti ilitetemeka pale pale nilipotaka itetemeke. Nikajipongeza kwa semla tatu, yale maandazi yetu ya krimu, maana siku yake ndiyo leo, na krimu ikabaki kwenye masharubu mpaka kikao cha mabasi kilipokwisha. Hakuna aliyeniambia.

Jumatano, 5 Machi

Ukurasa wa kwanza: Ragnvald Åkerlind hakitaki kiti. Safi kabisa!

Saa nne Östen kapiga simu, yule mwalimu mstaafu anayeongoza kamati. Kauliza waziwazi kama niko tayari. Nikavuta pumzi. Nikasema hapana.

Akasema sawa, asante kwa kuwa mkweli, akakata.

Akakata! Hakubembeleza hata nusu neno. Mtu wa namna gani huyu? Nimekaa na simu sikioni nikisikiliza kimya.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya. Kila Alhamisi saa kumi Östen huwa kwenye sauna, kile chumba cha mvuke cha bwawa la kuogelea. Nikaenda. Tumekaa uchi ubaoni, yeye, mimi, na mzee mmoja asiyetaka kutuangalia. Nikayamwagia mawe ya moto maji, nikaguna, nikasema watu wananisumbua kweli kweli, kila niendako wananisihi nikichukue kiti, sijui nitawakwepa mpaka lini.

"Pole sana, ndugu yangu," kasema Östen. "Hilo niachie mimi."

Nimerudi nyumbani mwekundu na mwenye furaha. Nimeanza kuandika hotuba ya moyo mzito.

Ijumaa, 7 Machi

Östen kayaandikia matawi yote ya chama. Wanachama wanaombwa wamwache Ragnvald apumzike. Na kipicha cha moyo mwishoni! Ningemnyonga. Tena kafanya kwa wema, ndilo linalonitia wazimu. Leo nimepita makao ya chama na watu wananisalimia kwa kunong'ona, kama nimefiwa.

Ila kuna habari njema. Gunvor Sjödin, yule muuguzi, mpinzani wangu humu humu chamani tangu ule ugomvi wa vituo vya mabasi, kaulizwa na gazeti kama anakitaka kiti. Kajibu ndiyo, anakitaka. Mchana kweupe! Nimecheka mpaka kahawa ikanipalia. Huyo kajimaliza mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Kamati imempitisha Gunvor. Wote saba, hakuna aliyepinga. Östen kasema redioni kwamba ilikuwa raha kumpata mtu anayesema lililo moyoni mwake.

Solveig kaweka kijiko chini. "Si ulisema hukitaki?"

Nikatoka kwenda kukwangua barafu kwenye vioo vya gari. Nimekwangua vyote, halafu vya gari la jirani. Imeniuma, sina haja ya kujidanganya humu. Nina miaka sitini na mmoja, na sioni kile kiti kikiwa wazi tena nikiwa na nguvu za kukikalia.

Jumanne, 11 Machi

Gunvor kaja ofisini kwangu na vikombe viwili vya kahawa. Anatafuta naibu. Hospitali zote tatu zitakuwa chini yangu, madaktari, wagonjwa, kila kitu, si maegesho yake tu! Kasema ugomvi wa vituo tuuache huko huko, hospitali hizi nazijua kuliko yeyote. Je, nitakubali?

Nikasema mimi siye anayemfaa. Nina wajukuu.

Hakuondoka. "Ragnvald, nakuuliza tena," kasema. "Nakuhitaji."

Mara ya pili! Baada ya miaka yote hii, mtu kaniomba mara ya pili! Neno ndiyo lilishafika kwenye ulimi, lilibaki kutoka tu. Hapo ndipo akili iliponifunguka. Aliyeombwa mara mbili ni naibu wa kawaida. Aliyeombwa mara tatu, nani atathubutu kumgusa?

Nikatikisa kichwa, kwa huzuni ya kiasi.

Gunvor kavichukua vikombe vyote viwili, changu kikiwa bado kimejaa, kaondoka. Anakwenda kujipanga upya, mtu yeyote angeona. Nimefika nyumbani, Solveig kaniuliza nimejibu nini. Nimemwambia atulie, tumeshashinda.