Nyumba ya Chuma Nisiyoweza Kuitaja

Leo nimejivua nguo mchana kweupe, na nguo zote ninazo mwilini. Someni barua hii mkiwa mmekaa, nyinyi nyote tuliolala bweni moja pale misheni. Asome mwenye sauti. Atakayecheka kabla ya mwisho atoke nje.

Mnakumbuka nilivyomzaa Tusekile. (Kama mmesahau, mimi sijasahau.) Nyumba ya wazazi ya misheni ilikuwa ya mianzi na udongo. Mchwa walikuwa wameila miguu, mto Songwe ukafurika, nikajifungua huku maji yanapita chini ya kitanda na chungu cha Kikisi, cha wale wafinyanzi wa ziwani, kinaelea kama mgeni anayetafuta pa kukaa. Kulipokucha ukuta mmoja ulikuwa umelala. Sasa Tusekile anatembea na kuongea, na mimi tumbo limerudi. Nitajifungua masika. Mto ule ule, maji yale yale. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nyumba mpya ya wazazi ni shauri la wazee.

Lakini leo lilikuwa shauri la wazee. Bwana Fundi, yule Mdachi wa misheni mwenye shingo nyekundu, aliwaita wachague. Meli imeshusha bandarini Mwaya shehena mbili, misheni yetu itachukua moja. Ya kwanza ni nguzo za chuma na mabati, vimetobolewa tayari. Ni kufunga parafujo tu, nyumba inasimama juu ya miguu yake, maji yapite chini na salamu zao. Ya pili ni mapipa ya saruji ya kukorogea zege. Sakafu chini, kuta nzito, mchanga na kokoto kutoka mtoni. Mchanga unabebwa na nani? Na wanawake, kwa vichwa vyetu. Anayechagua nani? Wanaume. Mmeona?

Mwalimu wa misheni, anayetafsiri siku zote, ana homa, na Bwana Fundi hajui Kinyakyusa. Nikaitwa mimi nitafsiri. Nilivaa ile kanga yangu nzuri, nikatembea polepole ili majirani wanione. (Kiburi hicho kishikeni, tutakihitaji mbele.)

Sasa sikilizeni balaa langu. Mkwe wangu, baba wa mume wangu, naye ni mzee wa baraza. Mnajua mila yetu: mkwe hatazamwi, haongeleshwi, jina lake halitajwi, wala neno lolote linalofanana nalo. Mimi nimeolewa miaka yote hii simjui sura. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye majani. Leo wakamkalisha nyuma ya ua wa mianzi, asikie bila kuonana nami. Vizuri. Ila jina lake. Nitaliandika mara moja, kwa herufi ndogo, maana kuandika si kutamka (natumaini): kyela. Alizaliwa siku Wakinga, wale wahunzi, waliposhuka na majembe kutoka milimani, baba yake akafurahi akamwita Chuma. Na Kinyakyusa cha chuma ni kipi? Ndicho hicho.

Nyumbani jina hilo halinisumbui. Kisu nakiita cha kukatia, shoka naliita la kupasulia, mambo yanakwenda. Sikufikiria kwamba siku moja nitajenga nyumba kwa neno hilo.

Bwana Fundi akaeleza chuma kwa Kiswahili chake cha kuvunjika mgongo, akaisifu nguzo hata akaipiga kofi. Wazee wakanigeukia. Nikasema, kwa adabu zote, kwamba nyumba ya kwanza itajengwa kwa majembe.



Kuna mzee mmoja aliyepewa kofia kuukuu ya askari, na tangu siku hiyo analala nayo. Ndiye aliyeanza.

“Majembe ya nani?”

“Ya Wadachi, baba.”

“Wadachi hawalimi.”

Basi wakaanza kunong’ona kwamba ni majembe yao ndiyo yanatakiwa, yayeyushwe. Nikasema hapana, si majembe yenyewe, ni kile kinachofanya majembe.

“Moto?”

“Si moto, baba.”

“Wakinga?” akasema Mzee Kofia. Akawageukia wenzake. “Anasema nyumba itasimama juu ya Wakinga.”

Walicheka mpaka mmoja akashika mti. Mimi jasho linanitoka, Bwana Fundi ananiuliza wanasemaje, namjibu wanafikiri, Bwana.

Tukaja kwenye zege. Zege halina mkwe. Nikalieleza kwa maneno matano: udongo wa Ulaya unaokauka jiwe. Wakafurahi kabisa. Mmoja akauliza habari ya mchanga, nani atauleta, na Mzee Kofia akamjibu bila hata kugeuza shingo:

“Wanawake si wana vichwa?”

Mikono ikaanza kupanda. Zege. Zege. Zege. Nikaona kapu la mchanga juu ya kichwa changu na tumbo hili mbele. Nikaiona sakafu ile ya chini, masika, na chungu kinarudi kunitembelea. Hasira ikanipanda kutoka unyayoni. Nikalitamka lile jina. Mara tatu, kwa sauti ya kuitia ng’ombe kutoka ng’ambo ya mto.

Nyuma ya ua sauti ikaitika: “Nipo.”

Wanawake waliokuwa wakichungulia wakachuchumaa kama wamepigwa upepo. Mzee Kofia alivua kofia. Mimi nikajifunika kanga kichwani na kukimbia, na kwa kuwa sikuona ninakokwenda, nikakimbilia kule kule. Nikaushika ua, ua ukalala, kanga ikabaki kwenye mwanzi. Nikawa nimesimama uso kwa uso na mkwe wangu.

Ana masikio ya mume wangu. (Nisameheni, niliyaona.)

Akageuza uso haraka. Akamtafuta Tusekile, aliyekuwa amenifuata akila ndizi, akaongea na yeye.

“Mjukuu wangu, mwambie mama yako nimeitwa mara tatu, nimeitika. Anataka nibebe nini?”

Tusekile akanitazama. “Mama, babu,” akasema. Ndiyo tafsiri yote.

Nami nikamwambia Tusekile, nikiwa nimeyapa mgongo masikio yale: “Mwambie babu nyumba wanayoikataa imejengwa kwa jina lake. Hakuna jembe la mtu litakalochukuliwa. Itatuinua sisi juu ya maji. Na hilo zege, anayelitaka akabebe mchanga wake.”

Mkwe wangu akawaambia wenzake, “Kumbe ni mimi. Waacheni Wakinga wapumzike.” Wakacheka tena, lakini mikono ile ikashuka, mmoja mmoja, kama ya watu wanaojikuna. Bwana Fundi, ambaye hakuelewa hata chembe, akauliza, “Chuma?” Wakamjibu kwa Kiswahili chao chote, “Chuma.” Akanishukuru kwa tafsiri safi.

Nimeshinda, sivyo? Nilidhani hivyo mimi pia, mpaka jioni hii mama mkwe alipokuja na kusimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema baba yangu atalipa ng’ombe wa kunitakasa. Halafu akaniuliza kwa upole, kama anayeomba chumvi:

“Na hiyo nyumba, watu wataiitaje?”

Nyumba ya chuma, kwa Kinyakyusa, ni nyumba ya mkwe wangu. Na nyumba ya mkwe haitajwi, wala mke wa mwanawe haingii.

Baba yangu bado hajaambiwa habari ya ng’ombe. Atakayepita kwake amwambie akiwa ameshiba. Na asicheke mtu: wanawake wote wa Songwe watajifungua pakavu masika haya, na mimi niliyewapigania nitajifungulia nje, kwenye ngazi zake.