Pungufu ya Nukta Sifuri Sifuri Moja

Ilitangazwa rasmi, kwa maandishi na kwa kipaza sauti, kwamba kuanzia muhula huo Chuo cha Tiba hakitapokea tena watu. Kitapokea alama.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Udahili, na sioni aibu kusema kwamba lilipendeza. Nililibandika ubaoni kwa pini nne, nikasimama pembeni kusikiliza umma ukilisifu. Umma ulikuwa kijana mmoja mwenye begi mgongoni. Alisoma, akasema, "Duh," akaondoka. Nikaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wamelipokea kwa mshangao wa furaha.

Mwenyekiti wetu alikuwa profesa wa magonjwa ya ndani na mkuu wa hospitali ya chuo, mtu mzito, ambaye wanafunzi walimwita Desimali, ingawa si mbele yake. Kwa miaka mingi alikuwa ameteswa na jambo moja: waombaji wawili wanapata alama tisini na saba kila mmoja, na kamati inalazimika kukaa chini kufikiri. Desimali aliona kufikiri ni mwanya wa upendeleo. Akapitisha kwamba alama zihesabiwe hadi nukta ya tatu, kiwango cha chini kiwe tisini na saba nukta mbili tano sifuri, na usaili ufutwe kabisa.

"Tatizo la usaili," alituambia kikaoni, "ni kwamba anaingia mtu. Mtu ana sura. Ana sauti. Anakuangalia. Sasa hapo haki iko wapi?"

Tukapiga makofi.

Wiki ya matokeo, dirishani kwangu walifika wanawake wawili. Mmoja alikuwa mhudumu wa wodi namba tatu katika hospitali yetu wenyewe, mwenye miaka kumi na moja kazini. Alikuwa amesoma baada ya zamu, akarudia mitihani yote, na mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake, maana umri wa kuomba ulikuwa unafungwa mwezi ujao. Wa pili alikuwa shangazi yake, aliyekuja kuhakikisha hasemeshwi ovyo.

"Umepata tisini na saba nukta mbili nne tisa," nikamwambia mhudumu. "Hongera sana. Umekosa."

"Nimekosa kwa ngapi?"

"Nukta sifuri sifuri moja."

Shangazi akasogeza uso kwenye dirisha. "Hiyo nukta sifuri sifuri moja ni kitu gani? Ipo hapo ndani? Hebu tuonyeshe."

"Mama, haionekani. Ni ndogo mno."

"Kumbe ni ndogo!"

"Ndogo, lakini ni ya kikanuni."

Mhudumu hakupandisha sauti. Aliniuliza tu alikosea wapi. Kwa kuwa sisi ni ofisi ya uwazi, nikamtolea karatasi yake. Swali la arobaini na moja lilieleza habari za mgonjwa mzee anayekataa dawa, na majibu yalikuwa manne, A mpaka D. Yeye hakuweka alama popote. Aliandika pembeni kwa penseli: *Ningemuuliza kwanza kwa nini anakataa.*

"Mashine haisomi pembeni," nikamweleza kwa upole.

"Wewe je?"

"Mimi nasoma. Lakini mimi sisahihishi."

Akaitazama ile karatasi muda mrefu, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akanirudishia. "Zamu yangu inaanza saa nane," akasema. "Naomba fomu ya rufaa niijaze nikiwa natembea."

Rufaa ilisikilizwa kwa haki zote isipokuwa ya kuhudhuria. Mjumbe mmoja, daktari wa watoto, alithubutu kusema kwamba yule mama anafahamika, kwamba usiku na mchana wodi namba tatu madaktari wapya humuuliza yeye kabla ya kufungua vitabu.

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," Desimali akajibu. "Anafahamika. Tukimchukua mwenye mbili nne tisa, kesho atakuja wa mbili nne nane. Keshokutwa mbili nne saba. Tutashuka, tutashuka, mwisho tutajikuta tumempokea mtu yeyote anayefaa."

Rufaa ikatupwa. Daktari wa watoto akaandikiwa barua ya onyo kwa kosa la kuwa na hisia.

Ushindi ule ulimpandisha Desimali mori. Siku ileile akatunga Kifungu cha Saba: hakuna mwenye alama chini ya kiwango atakayegusa mgonjwa, kitabu wala chaki ndani ya chuo, na milango yote ifungwe kwa kadi zinazosoma alama za mwenye kadi. Alimwita fundi wa kompyuta, kijana wa maneno machache anayetafuna kalamu.

"Prof, kifungu hiki ni kwa wapya tu, au hata wa zamani?"

"Sheria haina mpya wala mzee."

"Hata walimu?"

"Hasa walimu. Nina walimu humu nawashuku."

"Sawa, bosi," akasema fundi, akateremka stoo ya chini kutafuta mafaili ya zamani. Alitumia siku nne huko. Alipanda akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Jumatatu asubuhi mfumo ulianza kazi, na ulifanya kazi vizuri kupita matarajio. Kati ya walimu arobaini na wawili, waliofunguliwa mlango walikuwa watatu. Wawili wao walikuwa likizo. Wa tatu alikuwa mwalimu wa takwimu, ambaye alizunguka korido peke yake akiuliza, "Jamani, kuna mtu?" Mimi, kwa kuwa sigusi mgonjwa wala chaki, nilikuwa ndani nikinywa chai.

Saa mbili na nusu nikasikia mlango mkuu ukigongwa. Desimali alikuwa nje, kadi mkononi. Kila alipoibandika, kitaa cha mlangoni kiliwaka chekundu na mashine ikasema kwa sauti tamu ya kike: "Samahani. Jitahidi zaidi."

"Katibu! Mashine imeharibika!"

Nikampigia simu fundi. Fundi akasema mashine ni nzima, na akaniletea faili lenyewe. Nikalisoma nikiwa upande wa ndani wa kioo.

"Mzee, hapa inaonyesha uliingia chuo hiki na alama hamsini na nane."

Desimali akashusha kadi.

"Nukta ngapi?" akauliza.

"Enzi zile walikuwa hawaweki nukta, Mzee."

"Soma mbele. Lazima kuna maelezo."

Maelezo yalikuwepo. Ilikuwa fomu ya usaili, ya karatasi ya njano, yenye mwandiko wa daktari fulani wa kale aliyekwisha fariki. Nikasoma kwa sauti, maana kioo ni kinene na walimu wengine walikuwa wameshasogea kusikiliza: "*Alama za kijana huyu zinasikitisha. Lakini alipokuwa anasubiri hapa nje, kulikuwa na bibi mmoja anasubiri matibabu, akilia. Kijana alikaa naye akamshika mkono; tulimwita mara tatu, hakuja. Ilibidi nitoke nimfuate. Apokelewe.*"

Desimali alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Akaonekana kama mtu aliyekutana sokoni na ndugu aliyemsahau jina.

"Nani mwingine amesoma hiyo?"

"Mfumo, Mzee. Na hawa wote nyuma yako."

Daktari wa watoto alikohoa kidogo.

Palepale kwenye ngazi za nje tukafanya kikao cha dharura. Desimali, kwa ufasaha ambao sijapata kuusikia tena, alieleza kwamba usaili ni nguzo ya taaluma, kwamba namba peke yake haijui mtu, na kwamba usaili urudishwe mara moja. Kwake.

"Haiwezekani kwako tu, Prof," fundi akasema, akitoa kalamu mdomoni. "Kitufe ni kimoja. Nikikibonyeza, wanarudi wote waliokosa mwaka huu."

Jua lilikuwa linapanda na wengine hawajanywa chai. Desimali akatazama kioo, akatazama saa. "Bonyeza."

Kanuni pekee ya usaili iliyopatikana stoo ilikuwa ileile ya kale: msailiwa apelekwe wodini, akae na mgonjwa robo saa, kisha mgonjwa mwenyewe aandike uamuzi, na uamuzi usipingwe. Desimali aliisaini bila kuisoma, kama alivyozoea kusaini karatasi zangu.

Wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, kulikuwa na dereva mstaafu wa malori aliyekuwa amegoma kula tangu juzi. Wengine walipangiwa vitanda vingine; hapo mhudumu aliingia kwanza. Hata hakukaa. Alimgeuzia mto, akashusha pazia jua lisimchome usoni, akamuuliza, "Baba, ni meno?" Mzee akaitikia kwa kichwa. Akamletea uji mwepesi, ndipo akakaa, wakaongea habari za magari. Robo saa ikapita hakuna aliyeiona. Mzee akaandika kwenye fomu neno moja kubwa: *Huyu.*

Shangazi, aliyekuwa mlangoni, akapiga kigelegele kikasikika mpaka maabara. Mhudumu alikwenda dirishani, akatupa mgongo, na mabega yake yakatikisika kwa muda.

Zamu ya Desimali ikafika. Akachukua faili la mgonjwa, akakohoa. "Mgonjwa wa kiume, miaka sabini na moja, historia ya kukataa lishe..."

"Unaongea na nani?" mzee akamkatiza.

"Na wewe."

"Mbona unaangalia karatasi?"

Desimali akafunga faili. Alibaki na mikono yake tu, hajui aiweke wapi. Akaangalia kiti. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuiandika katika kumbukumbu zozote, kama anaweza kukaa.

"Kaa," mzee akasema. "Si umesimama miaka yote?"

Sikusikia waliyoongea baadaye. Fomu iliporudi kwangu iliandikwa: *Anafaa. Ila aanze mwanzo kabisa.*

Mimi natekeleza kanuni, sizitungi. Muhula ulipofunguliwa niliorodhesha wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza, na Profesa alikuwa namba thelathini na mbili, benchi moja na aliyekuwa mhudumu wetu. Siku ya kwanza wodini mwalimu aliwaambia wote wanawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Profesa alizunguka wodi nzima, kitanda hadi kitanda, miwani puani. Miaka ishirini na sita alikuwa ameongoza hospitali ile.

Mwishowe mwenzake wa benchi akamwonea huruma, akamshika kiwiko na kumwonyesha bomba lilipo.

Nimeliingiza hilo katika ripoti ya mwaka, chini ya kichwa cha Mafanikio.